Utepe Kwenye Bomba la Shule

Nitasimulia upesi, na nikiwa nimesimama, kwa sababu nina kitu jikoni na siku hizi kukaa kitako siwezi. Nchi yetu ipo, msiitafute mbali. Jina siwatajii, wala si kwa woga. Halipo. Lile la zamani lilifutwa kwa sherehe ya siku tatu, na jipya limefungwa utepe likisubiri mgeni rasmi aje alizindue. Huu ni mwaka wa sita. Kwenye pasi zetu za kusafiria, mahali pa nchi, pameandikwa "Itatangazwa".

Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza, na watoto huifundishwa kabla ya kuhesabu: kitu kisichozinduliwa hakijaanza. Daraja la mto wetu lina utepe mwekundu mwaka wa kumi na moja sasa. Sisi tunavuka kwa chini yake, suruali tumekunja, viatu mkononi, huku tukilisifu jinsi lilivyo imara. Sheria ya pili haikuandikwa popote ila kila mtu anaijua: kitu kikishazinduliwa kimekwisha. Tunayo Wizara ya Mianzo. Wizara ya Miendelezo hatujawahi kuwa nayo, na sijasikia mtu akiiulizia. Zahanati yetu, kwa mfano, imezinduliwa mara tatu. Ina mawe matatu ya marumaru ukutani na muuguzi mmoja wa kuyafuta vumbi.

Mimi naitwa Kibwana Tindwa, Kaimu Mwalimu Mkuu Msaidizi, Itifaki, katika shule ya msingi ya Bwawani. Hilo neno Kaimu lisiwapite hivi hivi. Nimekuwa Kaimu miaka kumi na tisa, maana cheo changu nacho kilikuwa hakijazinduliwa. Somo sifundishi. Kazi yangu ni kujua nani akae kiti cha mto na nani akae kiti kitupu, nani asalimiwe kwanza, na makofi yapigwe mara ngapi kwa mkuu wa wilaya na mara ngapi kwa mkewe. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Mboni, wenzio wanazeeka na vyeo, wewe unazeeka na Kaimu." Nilikuwa nacheka. Iliniuma, sifichi.

Mboni ndiye binti yetu, darasa la nne wakati huo. Mtoto wa maswali.

*

Mwaka ninaousema, shule nzima ilikuwa haitulii. Mtoto ananyoosha kidole kuomba ruhusa, na kabla mwalimu hajafungua kinywa kiti ki tupu, mwenyewe yuko chooni. Wizara ikatuletea waraka. Ugonjwa ule, ulisema waraka, haujatangazwa, kwa hiyo haupo, na kisichokuwepo kisiitwe jina. Tuuite "wepesi wa tumbo", na mwenye nao tusimwite mgonjwa, tumwite mwepesi.

Darasa la nne walikuwa arobaini na sita. Kufikia Machi walikuwa arobaini na wanne. Daftari la mahudhurio lina nafasi tatu: Yupo, Hayupo, Amehama. Wale wawili niliwaandikia Amehama. Nafasi ya nne haikuwepo, na mimi si mtu wa kuongeza nafasi kwenye daftari la serikali.

Basi wiki hiyo akaingia ofisini kwangu Mwalimu Siwema, wa sayansi. Mwanamke mdogo wa umbo, mwendo wa haraka, hodi hajapiga.

"Mwalimu Tindwa, nataka kuanzisha klabu ya afya."

"Klabu ya nini?"

"Ya afya. Watoto wachemshe maji, wanawe mikono, wajue ugonjwa unapitia wapi. Tunakunywa bwawa moja na ng'ombe. Nimeshazika wawili."

"Wamehama," nikamrekebisha.

Akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Nipe hiyo fomu ya kuombea."

Nikampa Fomu ya Kuanza, na Fomu ya Kuomba Kujaza Fomu ya Kuanza, ambayo ndiyo hutangulia. Wazazi nao hawakungoja fomu. Walichangishana wakaleta tangi jeusi la lita elfu tano, wakafunga mfereji wa bati kwenye paa ili lijazwe na mvua. Wakaleta sufuria kubwa ya kuchemshia, ndoo mbili zenye bomba za kunawia, na katoni ya sabuni. Nikavipokea kwa niaba ya serikali, na kwa mikono yangu nikavifunga utepe vyote. Hata sabuni, kila kipande na utepe wake.

Mvua ikanyesha siku nne, tangi likajaa hadi likatapika. Watoto wakaja wakasimama mbele yake, wakauangalia ule utepe kwenye bomba, wakageuka wakaenda zao kunywa bwawani. Hakuna aliyenung'unika. Ni watoto waliolelewa vizuri.

*

Barua ya kumwalika mgeni rasmi niliiandika mwenyewe, kwa wino wa bluu, kwenda kwa Mheshimiwa Tambalike, Waziri wa Mianzo. Baada ya wiki mbili likaja jibu: Mheshimiwa amebanwa, anazindua ukumbi wa kufanyia uzinduzi. Tusubiri.

Siwema akawa haketi. Anatoka darasani anakwenda kwenye tangi, anarudi, anakwenda tena. Siku ya pili ya mwendo huo akanijia.

"Mwalimu, mazoezi yanaruhusiwa?"

"Mazoezi gani?"

"Ya uzinduzi. Mgeni asije akatukuta hatujui la kufanya."

Hapo alinigusa penyewe, maana hakuna ninachokipenda kama mazoezi. Nikamfungulia Kanuni ya Tisa ya itifaki, nikamsomea: kabla ya uzinduzi wowote, wahusika watafanya mazoezi, tena kwa vifaa halisi.

"Vifaa halisi?" akauliza.

"Halisi kabisa. Mwaka fulani walifanya mazoezi kwa mkasi wa karatasi, siku yenyewe utepe ukagoma kukatika. Watu walifukuzwa kazi."

"Na mazoezi ni mara ngapi?"

"Mara nyingi iwezekanavyo. Mpaka mgeni afike."

Alifanya kitu ambacho sikumjua nacho. Alicheka.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi shule nzima ilikuwa mazoezini. Siwema aliuteremsha ule utepe kwenye bomba bila kuufungua, kama unavyovua bangili, watoto wakachota, kisha akauvisha tena. Wakafanya mazoezi ya kuwasha moto na mazoezi ya kuchemsha. Wakafanya mazoezi ya kunywa, kikombe kimoja kimoja kwa foleni. Wakitoka chooni, mazoezi ya kunawa kwa sabuni. Mkaguzi mmoja alipita na pikipiki akauliza wanafanya nini, Mboni akamjibu, "Mazoezi, shikamoo." Mkaguzi akaandika kwamba hajaona shule iliyojiandaa kama ile.

Walifanya mazoezi Aprili yote, Mei, Juni, hadi Septemba. Jambo la ajabu, darasa la nne waliendelea kuwa arobaini na wanne. Mimi sikulihusisha hilo na chochote. Nilidhani wenye kuhama wameshahama.

Hata nyumbani hatukupona. Mboni alichaguliwa mwenyekiti wa mazoezi, na cheo kikampanda kichwani. Nikinyoosha mkono kwenye ugali anaupiga kofi la taratibu. "Baba, mazoezi kwanza." Mama yake anacheka, mimi naenda kunawa. Maji ya kunywa akikuta hayajachemshwa anayamwaga uani mbele ya macho yangu. Mtoto wa miaka kumi!

Siku moja Siwema akaja ofisini, na safari hii alipiga hodi.

"Kaka Kibwana," akasema, na hajawahi kuniita kaka, "nakuomba kitu kimoja. Ile barua ya Waziri usiikumbushie."

"Kwa nini?"

"Unakijua kilichozinduliwa mwisho wake. Tuache tuendelee kujiandaa. Watoto wako salama."

"Nimekusikia," nikamwambia. Katika nchi yetu ukiambiwa nimekusikia, jua umekataliwa. Maana mimi nami nilikuwa na langu. Kanuni ya Ishirini inasema waziri akifika mahali kuzindua kitu, vyeo vyote vilivyosubiri mahali hapo huzinduliwa kwa mkupuo. Miaka kumi na tisa, jamani. Nilikuwa nimeshaandika barua kumi na nne za kukumbushia, na jioni ile nikaandika ya kumi na tano.

*

Simu ikaja Jumapili: Mheshimiwa anafika Jumatano. Nilikimbia kama mwizi. Chokaa kwenye mawe ya njiani, viti, zulia, kwaya, kitambaa cha ukumbini chenye maandishi makubwa, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Mwalimu Siwema hakuwepo. Alikuwa ameitwa wilayani kwenye semina ya siku mbili kuhusu namna ya kumpigia mgeni makofi, akaniachia kazi zote na neno moja: "Tangi usiliguse."

Jumatatu mchana nikaligonga tangi kwa ngumi. Likalia tupu hadi karibu na chini. Kiangazi kilikuwa kimeshaingia, na mazoezi ya miezi sita yalikuwa yamelinywa. Yalibaki maji ya kufika magotini. Nikatoa mwongozo wa itifaki, ukurasa wa maji. Uliandika wazi: mgeni atakapofungua bomba, maji yatoke kwa nguvu na kwa furaha. Maji ya kufika magotini hayatoki kwa furaha. Yanatoka kinyonge, na picha inaharibika.

Nikapiga kengele. Nikawapanga watoto mstari mmoja toka bwawani hadi kwenye tangi, ndoo zikapita mkono hadi mkono, siku mbili. Mboni alikuwa wa mwisho, juu ya ngazi, ndiye anayemimina.

"Baba, haya ni ya ng'ombe," akaniambia kutoka kule juu.

"Ni ya kuonyesha tu. Mimina."

Hilo ndilo kosa langu, nalisema wazi. Wala msidhani ni la kwangu peke yangu. Nchi nzima ingejaza lile tangi, na kwa maji yale yale, kama mgeni angekuwa anakuja kwao.

*

Jumatano Mheshimiwa akaja na magari tisa. Siwema alikuja na gari la mwisho pamoja na vyombo vya muziki, akawekwa kiti kitupu nyuma ya kwaya, kwa kuwa itifaki haimtambui mwalimu wa sayansi.

Mheshimiwa alihutubia kwa muda wa saa mbili na robo. "Ndugu wananchi," alisema, "maji ni kitu cha majimaji. Serikali imelitambua hilo kwa muda mrefu. Kuna nchi zinazohangaika na vijidudu kwenye maji. Sisi tulikwenda mbele zaidi, hatukuvitambua. Leo ninazindua maji haya, na kuanzia dakika hii nayatamka kuwa safi. Na klabu hii ya afya, iliyoanza leo kwa mafanikio makubwa, nayatamka mafanikio hayo kuwa yamekamilika." Makofi ishirini na nne. Nilihesabu, yalikuwa sawa.

Akakata utepe. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika simu, akakata kwa wa kushoto. Nililiona hilo nikalipuuza, nani alikuwa na nafasi ya kulifikiria. Bomba likafunguliwa na maji yakaruka, nguvu na furaha vyote vikawepo. Kisha akaniita mbele, nikafungwa utepe tumboni, akaukata. Neno Kaimu likaanguka chini pamoja na vipande vile. Nililia machozi. Watu wakaona Mwalimu Tindwa ana uzalendo.

Programu, niliyoiandika mimi, ilisema kikombe cha kwanza anywe mgeni, cha pili mwenyekiti wa klabu, cha tatu makamu wake. Mheshimiwa akakigusisha kikombe kwenye sharubu, kamera zikamulika, akakirudisha kimejaa vile vile. Msaidizi wake akampa chupa yake ya dukani.

Mboni akapewa cha pili. Akakiangalia. Akaniangalia mimi, mbele ya magari tisa.

"Baba, hayajachemshwa."

Aliniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima, asinitie aibu. Nyuma ya kwaya nilimwona Siwema amesimama, anajaribu kupenya, walinzi wamemzuia.

"Kunywa, mwanangu," nikamwambia. "Yamezinduliwa."

Akanywa. Salha, makamu wake, anayeketi naye dawati moja, akanywa. Halafu shule nzima ikapanga foleni, maana maji sasa yalikuwa safi kwa tamko la serikali. Magari yakaondoka na ile sufuria ya kuchemshia, inakwenda kuhifadhiwa kwenye Jumba la Mianzo. Sabuni iliingizwa kwenye fremu ya kioo ikatundikwa ofisini kwangu.

*

Ijumaa asubuhi Mboni hakuamka. Kila kilichokuwemo mwilini mwake kilikuwa kinatoka kama maji ya mchele, na macho yamezama. Nilimbeba mgongoni hadi zahanati nikikimbia. Watoto thelathini walikuwa wametutangulia, wamelazwa sakafuni chini ya mawe ya marumaru.

"Dawa," nikamwambia muuguzi.

"Ziko kwenye awamu ya nne, Mwalimu. Inasubiri kuzinduliwa." Hakuwa na kejeli. Alikuwa analia.

Siwema akaingia na birika la nyumbani kwake, pakiti ya sukari na chumvi. Alishachemsha, yamepoa. Lita moja ya maji, vijiko sita vya sukari vya kusawazisha, nusu kijiko cha chumvi. Watoto waliojimudu walimsaidia kupima, wakiitana kwa vyeo vyao vya mazoezi. Akapiga magoti kwa Mboni.

"Nani alijaza tangi?" akauliza bila kunitazama.

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi kutukanwa.

"Shika kijiko," akasema. "Kidogo kidogo. Akitapika, subiri, anza tena. Usiache."

Sikuacha. Tangu asubuhi ile hadi jua linazama, na usiku kucha, nilikuwa nampa, anatapika, nasubiri, nampa. Mke wangu alimshika miguu. Jumamosi adhuhuri Mboni akafumbua macho akaomba maji. Salha, aliyelazwa ubavuni pake, alikuwa ametutoka saa nne asubuhi, amefunikwa kanga ya mama yake.

*

Jumatatu nikafungua daftari la mahudhurio. Yupo, Hayupo, Amehama. Nikachukua rula, nikapiga mstari, nikatengeneza nafasi ya nne, juu yake nikaandika Amekufa. Nikamweka Salha. Nikarudi nyuma hadi Machi nikawahamisha wale wawili mahali pao, Mikaya na Jumbe.

Mchana nikavua koti la itifaki, nikalimwaga tangi lote, nikaingia ndani na brashi. Siwema alikuwa nje ananipitishia maji yenye dawa ya kuua vijidudu kwa ndoo. Nilipotoka, niliokota vile vipande viwili vya utepe, nikaviunga fundo, nikauvisha tena kwenye bomba.

Kisha nikaandika barua ya kumi na sita. Nilieleza kwa masikitiko makubwa kwamba utepe wa Bwawani ulikatwa kwa mkono wa kushoto, kinyume cha Kanuni ya Pili ya itifaki, inayotaka wa kulia, na kwamba ninazo picha. Wizara ilipagawa. Siku ya nne wakajibu kwa simu na kwa barua na kwa mtu wa pikipiki: uzinduzi ule ni batili, vyote vilivyozinduliwa siku hiyo vihesabiwe havijaanza, kikiwemo cheo changu, vifaa virudishwe, na mazoezi yaanze upya mara moja mpaka mgeni atakapopata nafasi.

Sufuria ikarudi. Sabuni niliivunjia kioo mwenyewe.

Mimi ni Kaimu tena, mwaka wa ishirini na mbili. Kila wizara ikipanga tarehe, ninagundua kasoro: zulia fupi, mkasi butu, upepo umegeukia kwa mgeni. Mimi itifaki naijua, hakuna wa kunibishia. Mkaguzi akija kuuliza klabu inaendeleaje, watoto wote wanajibu kwamba bado haijaanza. Darasa la nne la mwaka huu ni hamsini na mmoja, na wako hamsini na mmoja.

Mboni yuko darasa la saba sasa. Ni mzima, anasoma, ananiamkia kila asubuhi. Ila nikimpa maji kwa mkono wangu hayanywi hivi hivi. Anakishika kikombe, ananiuliza, "Yamechemka, Baba?" Ninamwambia yamechemka. Anaendelea kunitazama. Ndiyo maana maji ya nyumba hii siku hizi nachemsha mimi, na nayasimamia mimi, yeye akinitazama kutoka mlangoni. Nayasikia yameanza. Niacheni niende.